Mwanangu, kawaulize tena

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unaniuliza kama mashaka ni dhambi, kwa sababu kiongozi wa kikundi chenu cha maombi amesema mbele ya watu kwamba una roho ya mashaka na unahitaji kufunguliwa. Unataka nikujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana.

Neno moja sina. Na kilichonishtua si hilo la dhambi. Wewe uliuliza jambo dogo tu, kwamba hesabu za sadaka hukaguliwa na nani, ukajibiwa habari za mapepo. Shangazi yako akisikia atasema nimeanza tena, lakini nitasema: ukweli haufi kwa kuulizwa. Mwenye hesabu safi hufungua daftari.

Ulikuwa mdogo mno kuukumbuka ule mkutano niliompeleka bibi yako, ingawa habari za mguu wake unazijua. Goti la kulia, lile lililomsumbua tangu ile ajali. Nilimpeleka kwa moyo wangu wote, sikwenda kumchunguza mtu. Langoni palikuwa na vijana waliovaa fulana za sare, wapole, wanamshika kila mgonjwa mkono na kumwandika kwenye karatasi: jina, anatoka wapi, anaumwa nini. Yule aliyetuandika alikuwa na haraka. Nilisimama nyuma ya bega lake nikaona ameandika goti la kushoto. Kabla sijamwambia, foleni ikatusukuma ndani. Nikasema moyoni, haina neno, Mungu anajua ni lipi.

Baada ya nyimbo na machozi mengi, mhubiri akafumba macho, akanyamaza, kisha akaita jina kamili la bibi yako. Uwanja mzima ukalipuka. Akasema, "Bwana ananionyesha mguu. Goti. Goti la kushoto."

Hata sasa nikiandika mwili unanisisimka. Bibi yako alikuwa amesimama, mikono juu, analia kwa furaha, tayari ameshavua hereni zake zile unazozijua kwenye picha, akazitia kapuni ziwe mbegu. Nikamnong'oneza, "Mama, lako ni la kulia." Akanigeukia kwa jicho ambalo hakuwahi kunitazama nalo kabla wala baada. "Nyamaza. Usinizibie baraka yangu."

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Wiki ileile akaanza kulichua goti la kushoto. Alisema ndilo lenye ugonjwa wenyewe, la kulia lilikuwa likipokea maumivu tu. Mtu aliyeishi na maumivu yake, anayajua yanapoanzia na yanapoishia, akaliacha goti lililovimba na kulipaka mafuta lile zima, kwa sababu mtu mwenye kipaza sauti alisema hivyo. Baba yako, unamjua, hakubishana naye. Alichukua ile chupa ya mafuta akawa anamchua magoti yote mawili.

Miaka mingi ikapita ndipo nikasoma habari za Marekani. Mwaka 1986 mcheza mazingaombwe James Randi na wenzake waliingia na kifaa cha kunasia mawimbi ya redio kwenye mikutano ya mhubiri Peter Popoff, ambaye alikuwa akitaja majina na magonjwa ya watu asiowajua. Kwenye masafa ya megahezi 39.17 wakanasa sauti ya mke wake. Alikuwa akimsomea mumewe sikioni mambo ambayo watu walikuwa wameyajaza wenyewe kwenye kadi za maombi. Kanda ile ilichezwa kwenye televisheni, na mwaka 1987 Popoff akatangaza kufilisika. Nilisoma nikalazimika kuketi. Lakini lililofuata ndilo lililonikosesha raha: alirudi kwenye televisheni, na watu wakampa tena fedha zao. Tangu hapo sijiulizi sana habari za wanaodanganya. Najiuliza habari zetu sisi, tunaotaka kitu kiwe kweli mpaka tunamsaidia anayetudanganya.

Sisemi yule wetu alikuwa na kifaa sikioni. Sikukiona. Ninachojua ni kwamba alifunuliwa kosa la yule kijana wa langoni, na Mungu hakosei mguu.

Hata hivyo, mwanangu, usiku ule bibi yako alilala bila kulalamika. Furaha yake haikuwa ya uongo, niliiona. Huwa najiuliza mimi nilikuwa nani hata nimwingilie na neno langu wakati anafurahi hivyo. Halafu naikumbuka Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge ili wakutane na Yesu, na watoto miongoni mwao. Siamini kwamba waliingia msitu ule siku ya kwanza wakiwa tayari kufa. Mtu hufikishwa huko hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni kukubali kwamba swali lake ni pepo. Basi nakumbuka nilichomnong'oneza bibi yako, na naona nilipaswa kukisema.

Wala wasikutishe kwa Biblia. Ibrahimu alijadiliana na Mungu habari za Sodoma, akashuka kutoka watu 50 mpaka 10, na hakuambiwa afunguliwe. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walimsikiliza Paulo kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na wakaitwa waungwana kwa hilo. Kama Paulo alikaguliwa, kiongozi wenu ni nani? Utaniambia Tomaso. Ndiyo, Tomaso alionyeshwa alama za misumari, kisha akaambiwa wa heri ni wale wasioona wakasadiki. Silifichi neno hilo, nimepambana nalo sana. Nilipofika ni hapa: kusadiki usichokiona ni jambo moja, kukataa unachokiona ni jingine kabisa. Goti la kulia lilikuwa limevimba mbele ya macho yetu.

Sikiliza pia jinsi wanavyohesabu. Mgonjwa akipona, ni upako wa mhubiri. Asipopona, imani yake ilikuwa haba. Kwa hesabu hiyo mhubiri hawezi kukosea kamwe, na ahadi isiyoweza kukosea haijaahidi kitu. Ila kipimo hichohicho kigeuze upande wako. Ukisikia habari inayokufurahisha kwa sababu tu inamwaibisha mtu aliyekuaibisha, ichunguze vilevile. Ukweli haufi kwa kuulizwa, hata ule unaokupendeza wewe.

Mimi bado nasali, unalijua hilo, na sisali kwa mazoea.

Sasa utoke kwenye kikundi au ubaki? Hukuuliza waziwazi, lakini nimekuzaa, najua ndilo ulilolitaka. Jibu ninalo, limenijaa mdomoni, na baba yako amekaa hapa ananiambia niliache humohumo. Naliacha kwa shida sana. Nikikutamkia, utakuwa umetoka kumtii yule na kuja kunitii mimi, na swali lako litabaki palepale. Kawaulize tena habari za hesabu, kwa adabu, mbele ya watu walewale. Kisha niandikie walivyojibu, neno kwa neno, na kama kuna mwingine aliyesimama kuuliza baada yako.

Mama yako