Nader asingegombea 2000, Gore angeshinda?

Mkuu, umeuliza kama Ralph Nader wa chama cha Kijani asingegombea urais Marekani mwaka 2000, au angegombea mwingine, matokeo yangegeuka. Florida, jimbo lililoamua mshindi, Bush wa Republican alimpita Gore wa Democratic kwa kura 537 tu, na Nader alizoa zaidi ya 97,000. Si zote zingehamia kwa Gore, wengine wasingetoka hata nyumbani. Lakini kwa pengo hilo, robo ya robo yake ingetosha.

Kuhusu mgombea mwingine, hapo ndipo patamu. Buchanan naye alikuwepo, wa mrengo wa kulia kabisa, upande wa Bush, akapata 17,000 na ushei hukohuko Florida. Angekuwa na mvuto zaidi, Bush ndiye angelia. Cha kuangalia ni huyo wa pembeni anamnyang'anya nani, na jimbo gani. Ross Perot, mgombea binafsi wa 1992, alipata karibu asilimia 19 nchi nzima, lakini kura ya wajumbe, zile za majimbo zinazomchagua rais, hata moja hakuambulia.

Hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, wazee wakibishana kando ya matenga ya dagaa, utasikia "wa tatu ni msindikizaji tu." Wanamkumbuka Cheyo wa Bariadi, urais wa Tanzania 1995, ambaye hata wa tatu hakuwa, alikuwa wa nne: asilimia 4, mshindi Mkapa zaidi ya 61. Kwa pengo lile, kweli alisindikiza.