Mkuu, acha kupandisha spidi. Angalia kwanza uzito uliobaki kwenye gurudumu

Simama hapo hapo, mkuu. Umeandika kwamba umetengeneza behewa tupu la reli ya upana wa mita moja, unalipitisha kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 120, na unapandisha spidi kilomita kumi kumi mpaka liache reli, ili upate "spidi ya hatari". Umeuliza pia kama uhamie SIMPACK au ubaki na Universal Mechanism, hizi programu za kuiga mwendo wa treni kwenye kompyuta, na jinsi ya kutoa video nzuri ya kuwaonyesha wakubwa wako. Nimesoma nikashindwa kulala. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi, kwa mpangilio huohuo, na behewa langu liliacha reli kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Mkandarasi mmoja alitaka kupitisha mabehewa tupu kwenye kona ya kuingilia karakana. Nikapewa kazi ya kuthibitisha kwa kompyuta kwamba yatapita salama. Nikachora kona laini, nusu kipenyo kilekile mwanzo hadi mwisho, nikaendesha kuanzia kilomita 5 hadi 40 kwa saa. Behewa lilikuwa na tani 14 na magurudumu 8, kwa hiyo kila gurudumu lilibeba takriban kN 17 (kilonewton, kipimo cha nguvu). Nguvu ya pembeni kwenye gurudumu la mbele la nje ilitoka kN 8. Gawa 8 kwa 17 unapata uwiano wa nguvu ya pembeni kwa uzito, 0.47; ukikua mno gurudumu hupanda reli, na kikomo cha kiwango cha Ulaya, EN 14363, ni 0.8. Nikaona tumebakiza nafasi kubwa. Nikaandika ripoti, nikasaini.

Siku ya tatu, behewa likisukumwa polepole kutoka kwenye kona, gurudumu la mbele la nje lilipanda juu ya reli likadondokea upande wa pili. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mataruma yalivunjika, njia ikafungwa, winchi ikakodiwa, na jina lililokuwa chini ya ripoti lilikuwa langu. Mkataba haukuongezwa.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana programu haikukosea hesabu hata moja. Ilijibu swali nililouliza, nami nililiuliza vibaya.

Kona halisi ilikuwa na reli ya nje iliyoinuliwa milimita 60. Mwishoni mwa kona mwinuko huo ulishuka hadi sifuri ndani ya mita 12, yaani milimita 5 kila mita. Bogi za behewa langu, yaani zile fremu mbili za magurudumu chini yake, zilikuwa zimeachana mita 9, kwa hiyo bogi ya nyuma ikiwa bado juu ya mwinuko, ya mbele ilikuwa imeshashuka: tofauti ya milimita 45. Behewa lililojaa hukandamiza springi zake na kuifuata njia. Behewa tupu lenye fremu ngumu halikunjiki. Reli inashuka chini ya gurudumu la mbele la nje, na gurudumu linabaki karibu linaning'inia. Na ule mwendo wa pole pole tuliodhani ndio usalama wetu ulizidisha tatizo: kwa kilomita 10 kwa saa kona ile ilihitaji mwinuko wa milimita 7 tu, na iliyobaki ilikuwa inalilaza behewa upande wa ndani, ikiliondolea gurudumu la nje karibu asilimia 9 nyingine.

Nilipokuja kuweka yote hayo kwenye modeli, gurudumu lile lilibakiwa na kN 6.5. Nguvu ya pembeni haikupungua, kwa sababu kwenye kona kali hivi kinacholisukuma gurudumu la nje dhidi ya reli ni msuguano wa gurudumu la ndani, na la ndani lilikuwa limezidishiwa mzigo. Basi 8 gawa kwa 6.5 ni 1.23. Nguvu ya pembeni ileile, behewa lilelile.

Hapa ndipo hasira yangu kwa mkufunzi aliyetufundisha ile programu inapoanzia. Siku tatu, ada ya kutisha, na kila tulipouliza kuhusu thamani za kuanzia, zile programu inazokuja nazo, alijibu kwamba tuziache zilivyo, zimeshahakikiwa. Msuguano ulikuwa 0.3. Fomula ya Nadal, yule Mfaransa wa mwaka 1896, ukiipa ukingo wa gurudumu wenye mteremko wa nyuzi 70 na msuguano 0.3, inakwambia gurudumu halitapanda mpaka uwiano ufike 1.34. Ukiipa msuguano 0.5, ambao ndio wa reli kavu iliyopigwa jua mchana kutwa, kikomo kinaanguka hadi 0.95. Ile 1.23 yangu iko katikati! Hata kama ningeweka njia sahihi, fomula hiyo kwa thamani zake ingeniambia niko salama, ingawa kikomo cha 0.8 kingekuwa kimeshapitwa. Mtu anayefundisha watu kazi ya usalama hasemi "ziache zilivyo". Anauliza reli yenu ikoje, inapakwa grisi au haipakwi, magurudumu yamechongwa lini.

Najua picha iliyo kichwani mwako. Ni ajali ya treni ya Santiago de Compostela, Hispania, mwaka 2013, kilomita 179 kwa saa kwenye kona yenye kikomo cha 80. Ni ile ya Amagasaki, Japani, mwaka 2005, kilomita 116 kwenye kona yenye kikomo cha 70. Hizo zilikuwa spidi kweli. Lakini kwa kona yako, chukua kitovu cha uzito cha mita 1 juu ya reli bila mwinuko wowote: behewa litapinduka likikaribia kilomita 90 kwa saa. Nani ataingia karakana kwa kilomita 90? Utapata jibu sahihi la ajali ambayo haitatokea. Ajali ya kuisoma wewe ni ya Naka-Meguro, Tokyo, Machi 2000. Treni ya abiria, mwendo mdogo, kipande cha kutokea kwenye kona kali, magurudumu yasiyobeba uzito sawa. Watu watano walikufa.

Kwa hiyo chora uzito wa wima wa kila gurudumu kabla hujagusa grafu ya nguvu ya pembeni. Waingereza wana kikomo chao cha gurudumu kutopoteza zaidi ya asilimia 60 ya uzito linaobeba likiwa limesimama, na mimi nakitumia kabla ya uwiano wowote. Chukua vipimo vya njia yenyewe, mita kwa mita, hata kama ni kwa kamba na pima maji. Lipime behewa gurudumu kwa gurudumu, usigawanye tu tani kwa 8. Weka msuguano 0.5. Kisha endesha kwa kilomita 5 kwa saa.

Programu yoyote kati ya hizo mbili itakufanyia hivyo. Weka hapa grafu ya gurudumu la mbele la nje, kuanzia mita 5 kabla ya mwinuko kuanza kushuka hadi mita 10 baada ya kuisha. Niko mtandaoni kila jioni. Usisaini kitu kabla hatujaitazama pamoja.