Kabla ya kufunga vikapu vya Ulaya

Wewe unayeanza kupeleka vikapu vya mkonge au gugu maji Ulaya ukiwa Kisumu au Nakuru, picha nzuri zisikulevye. Mwagizaji wa Ujerumani anataka kujua kama kikapu cha mia katika oda kitalingana na sampuli aliyoishika. Wape wasusi kijiti kilichokatwa urefu kamili. Ukitaja sentimita kwa simu, kila mama atapima kwa shubiri yake.

Rangi ndiyo yenye kesi. Sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, REACH, inakataza rangi za azo, aina ya rangi za viwandani, zinazotoa kemikali za sumu ziitwazo amini kupita miligramu 30 kwa kilo, na mikoba imetajwa humo. Ile rangi ya unga inayopimwa kwa kijiko sokoni, hata ikolee vipi, haina karatasi ya kumwonyesha mtu. Nunua kwa muuzaji mwenye hati za kemikali, na ununue ya kutosha oda nzima kwa mara moja, maana kopo la pili mara nyingi halifanani na la kwanza. Mimi oda ya kwanza ningeipeleka mkonge mtupu, bila rangi.

Halafu unyevu. Gugu maji lililoanikwa siku za mvua ya Aprili hukauka nje tu, ndani bado bichi, na kontena hutokwa jasho baharini. Usifunge kwa nailoni. Vifuko vya silika jeli, vya kunyonya unyevu, vinafaa, ila vile vya kuzuia ukungu vyenye kemikali ya dimethilifumareti ni marufuku kule.

Ushuru wa forodha haupo chini ya mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi Julai 1, 2024, mradi uwe na uthibitisho wa asili ya bidhaa, kama cheti cha EUR.1. VAT ya Ujerumani, asilimia 19, iko palepale, kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba hakuna kodi. Tangu Desemba 13, 2024 bidhaa inatakiwa pia kuonyesha jina na anwani ya mtu au kampuni iliyo Ulaya inayowajibika kwa bidhaa hiyo. Mwombe mwagizaji maneno hayo kabla lebo hazijashonwa.

Kwa ndege utalipia hewa: katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 kwa kawaida huhesabiwa kilo 16 kwa ukubwa wake, hata ikiwa na kilo 5. Pachika vidogo ndani ya vikubwa, lakini muulize kwanza mwagizaji. Wengine hawataki mdomo uliokunjika, basi hewa hiyo wailipie wao.