Kufuli la faili kwenye Linux: maswali yenu

Nimeshika kufuli la `salio.txt` kwa flock (amri ya kushika kufuli la faili), lakini `echo 5 >> salio.txt` kutoka dirisha jingine inaandika tu. Kulikoni?

Kufuli hili ni la makubaliano. Kerneli, kiini cha mfumo, inajua nani amelishika, ila haimzuii asiyeuliza, na `echo` haikupiga hodi. Kila programu inayoandika humo lazima iombe kufuli kwanza. La kulazimisha liliwahi kuwapo, likaondolewa Linux 5.15.

Kazi yangu ya cron (kiratibu cha kazi za saa maalumu) huanza kila dakika 5, na siku nyingine huchukua 8. Zinagongana.

`*/5 * * * * flock -n /var/lock/ripoti.lock /opt/ripoti.sh`

Kwa `-n`, ikikuta limeshikwa haisubiri, inatoka na msimbo 1. Ukitaka ivumilie nusu dakika, weka `-w 30`.

Skripti imeshakwisha, kufuli bado limeshikwa. Niwashe upya seva?

Usiwashe. Bila shaka umeandika `exec 9>ripoti.lock`, kisha `flock -n 9 || exit 1`, halafu ukaanzisha kitu nyuma kwa `&`. Kufuli la flock halifungamani na mchakato, bali na ule ufunguaji wa faili, na mtoto (mchakato ulioanzishwa na skripti) hurithi namba 9, yaani namba ya faili lililofunguliwa, pamoja na kufuli lake. Mzazi akifa, mtoto bado analo. Mfungie namba hiyo unapomwanzisha: `./tuma.sh 9>&- &`. Kumsaka aliyelishika, `lslocks` huenda ikakupa PID (namba ya mchakato) ya mzazi aliyekwisha kufa. `fuser -v ripoti.lock` inaonyesha nani hasa bado amelifungua.

Nifute faili la .lock nikimaliza?

Hapana! Chukua michakato mitatu: A amelishika, B amelifungua anangoja. A analifuta na kutoka. B anapata kufuli la faili lisilo na jina tena. Anakuja C, anaunda jipya kwa jina lile lile, naye anapata lake. Sasa B na C wote wako ndani. Faili tupu halili nafasi, liache.

Natumia fcntl (njia nyingine ya kufunga faili) ndani ya lugha ya C. Kufuli linapotea katikati ya kazi.

Tafuta `close()`. Mchakato ukifunga namba yoyote ya faili hilo, hata iliyofunguliwa na maktaba usiyoijua, makufuli yake yote ya fcntl juu ya faili hilo yanaachiwa. Huo ndio utaratibu wa POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, mbaya kweli kweli. Kuanzia Linux 3.15 tumia `F_OFD_SETLK` badala ya `F_SETLK`, na `l_pid` iwe 0, la sivyo utarudishiwa kosa la `EINVAL`.