Kunakili mto kwa rangi za mafuta ukiwa Dodoma

Anza na The Hay Wain, kazi ya mchoraji Mwingereza John Constable ya mwaka 1821 iliyoko National Gallery, London. Mkokoteni wa farasi umesimama ndani ya mto Stour, kushoto kuna nyumba, nyuma miti, juu mawingu: kwa mwanafunzi wa mandhari, karibu kila somo limo. Ina sentimita 130.2 kwa 185.4. Wewe fanya 40 kwa 57, na nakala ya kuigia ichapishwe 20 kwa 28.5, inaenea kwenye karatasi ya A4. Zigawe zote mbili mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu, kisha hamisha mistari mikubwa kisanduku kwa kisanduku. Majani yasubiri.

Hadibodi ya milimita 3 inatosha. Ipige msasa, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mbele na nyuma. Nyuma ndiko wengi wanakoruka, halafu hewa kavu ya huku inaupinda ubao. Ikikauka, paka jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya msingi, mikono mitatu.

Mafuta ya kuchanganyia rangi yawe ya kitani. Alizeti imejaa Dodoma na Singida, ni rahisi na inavutia, lakini ya kupikia haifai. Mafuta ya kitani hushikana na oksijeni ya hewani yakawa utando mgumu. Alizeti hufanya hivyo polepole mno, hivyo wiki kadhaa baadaye picha bado inanata na vumbi la Agosti limeganda humo. Thina ya rangi za magari nayo iache, inaweza kuyeyusha tabaka la chini. Tumia tapentaini, dirisha likiwa wazi.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, ultramarini (buluu nzito), oka ya njano, njano ya limau, siena iliyounguzwa (kahawia nyekundu) na nyekundu moja. Changanya siena na ultramarini, zimua kwa tapentaini peke yake, upake picha nzima kwa ngazi tatu tu: giza, wastani, mwanga. Fumba macho nusu unapotazama. Rudi nyuma hatua nne. Kama nyumba haijitengi na miti, rekebisha sasa, maana kijani hakitaokoa kitu. Iache ikauke. Tabaka zinazofuata ziongezewe mafuta kidogokidogo, kwani tabaka la juu likikauka kabla ya la chini hupasuka.

Kwenye anga, jihadhari na macho yako mwenyewe. Aliyezoea mbingu ya Dodoma hupaka buluu tupu. Mawingu haya ya Uingereza yamebeba maji: nyeupe, ultramarini kidogo, na siena kiasi cha ncha ya kisu ili buluu ipoe iwe kijivu.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi, na sababu ipo: mito yetu mingi ni makorongo ya mchanga karibu mwaka mzima. Nenda Bwawa la Hombolo asubuhi kabla ya upepo, utazame ukingo. Utaona anga ndani ya maji imefifia kuliko anga yenyewe, na kivuli cha mti majini kina mwanga zaidi kidogo kuliko mti wenyewe. Basi chukua mchanganyiko uleule wa anga, uupunguze nguvu kwa siena, uvute brashi kutoka juu kwenda chini. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi laini iliyo kavu kwa ulalo, mara moja. Ukirudia mara tano unapata tope. Vimeto vyeupe viwe vya mwisho, rangi nzito, usivisugue.

Nukta nyekundu za mikanda ya farasi zisisahaulike. Ni ndogo, lakini ndizo zinazoamsha kijani chote.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange pamoja: hujipasha joto na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje moja moja au yaloweke majini. Picha iegemeze ukutani uso ukitazama ukuta, na sakafu ipigwe deki, isifagiwe. Usiifungie gizani, mafuta ya kitani hugeuka njano. Vanishi isubiri miezi sita.