Usiiriseti rauta ya ofisi kabla hujajua nani anagawa anwani za IP

Mkuu, simama hapo hapo! Kama pini iko mkononi, irudishe kwenye droo. Umesema baadhi ya kompyuta zinapata intaneti na nyingine hazipati, printa asubuhi ipo mchana haionekani, na fundi wenu kakwambia uiriseti rauta kubwa halafu ununue nyingine uichomeke kwenye swichi (kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta) "zisaidiane". Ushauri huo huo ndio uliotuponza sisi, na nikiusoma tena leo damu inachemka. Mniwie radhi kwa ukali.

Kuzima rauta na kuiriseti ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiizima, ukasubiri kidogo, ukaiwasha, mipangilio yote ipo. Ukichomeka pini kwenye kile kitundu cha nyuma na kukandamiza mpaka taa zibadilike, umeifuta. Inarudi ilivyotoka kiwandani. Jina na neno la siri la PPPoE, yaani vya kuiingiza rauta kwenye intaneti, mlivyopewa na kampuni ya intaneti, havipo. Anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) iliyotengewa printa, haipo. Poti zilizofunguliwa kwa ajili ya kamera na mashine ya alama za vidole, hazipo. Fundi aliyekuja kwetu hakuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Aliinama, akabonyeza, akatuambia tusubiri dakika tano.

Ilikuwa Ijumaa jioni, na Jumatatu ilikuwa tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT. Dakika tano zikapita, intaneti hakuna. Fundi akauliza, "Password ya PPPoE mnayo?" Sasa ndiyo anauliza! Karatasi yenyewe ilikuwa kwenye faili la mkataba, faili liko kabatini kwa bosi, bosi yuko safarini na funguo. Kampuni ya intaneti nayo ikataka barua yenye muhuri kabla ya kutoa chochote kwa simu.

Mtasema mhasibu angewasha hotspot ya simu yake. Aliwasha. Lakini kabrasha la mauzo lilikuwa kwenye kompyuta ya pamoja, ambayo ilikuwa imewekewa anwani ya kudumu, 192.168.10.5, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa kwenye anwani zinazoanza na 192.168.10. Rauta iliyofutwa iliamka na anwani yake ya kiwandani, 192.168.1.1, ikaanza kugawa anwani zinazoanza na 192.168.1 kwa kila mtu. Kwa hiyo kompyuta ya mhasibu na ile ya mafaili zilikuwa meza mbili jirani, zimeungwa kwenye swichi moja, na hazionani kwa kuwa mwanzo wa anwani zao haulingani. Yule dada alihamisha mafaili kwa flashi wikiendi nzima, akilinganisha ankara moja moja na risiti za EFD, huku fundi hapokei simu.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba kuriseti hakukutibu kitu. Jumatatu neno la siri likapatikana, rauta ikapangwa upya, na saa chache baadaye ugonjwa ukarudi ule ule. Fundi akarudi na dawa ya pili: rauta mpya, kainunua mwenyewe Kariakoo, kaichomeka kwenye swichi, kachukua hela ya rauta, ya ufundi na ya nauli. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Aliyegundua ni binti wa chuo aliyekuwa field kwetu. Alikaa kwenye kompyuta inayofanya kazi akafungua ile skrini nyeusi ya cmd, akaandika ipconfig /all. Akahamia kwenye inayogoma, akaandika hivyo hivyo. Kwenye ya kwanza, mstari wa "DHCP Server", yaani kifaa kinachogawa anwani, ulisoma 192.168.10.1. Kwenye ya pili ulisoma 192.168.0.1. Hakuna aliyewahi kuiona namba hiyo ofisini. Akafuata waya mpaka nyuma ya mashine ya fotokopi, na pale palikuwa na karauta kadogo kenye vumbi, taa ya kijani inapepesa. Mtu wa mauzo alikaleta kutoka nyumbani ili Wi-Fi ifike mezani kwake. Waya wa swichi ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la njano la LAN, tundu la bluu la WAN liko wazi.

Hapo ndipo penyewe, mkuu. Kompyuta inapowashwa haijui rauta yako ni ipi. Inatangaza mtandao mzima kwamba inaomba anwani, na kwa kawaida inampokea wa kwanza kujibu. Ni kama zahanati yenye watu wawili wanaogawa namba za foleni kwa madaktari wawili, na mmoja wa madaktari hao hayupo. Aliyejibiwa na rauta kubwa anafanya kazi. Aliyejibiwa na karauta anapewa 192.168.0 na anaelekezwa atokee kwenye mlango usio na intaneti, na printa haioni kwa sababu iko mtaa mwingine. Akizima na kuwasha, pengine safari hii rauta kubwa inawahi kujibu, basi kila mtu anasema "imepona". Haijapona. Na kila rauta unayoongeza kwa tundu la LAN bila kuizima DHCP ni mgawaji mwingine tena.

Kwa hiyo kabla ya kununua, kabla ya kubonyeza, tafuta nani anagawa. Andika ipconfig /all kwenye kompyuta inayofanya kazi na kwenye inayogoma, ulinganishe mistari ya "Default Gateway" (mlango wa kutokea kwenda intaneti) na "DHCP Server" ya kompyuta moja na ya nyingine. Zikitofautiana, una rauta ya pili mahali fulani. Subiri watu watoke, kwenye kompyuta inayogoma andika ping -t (amri ya kuiita anwani mfululizo) na ile anwani ngeni, kisha chomoa waya za swichi mmoja mmoja ukirudisha kila mmoja, isipokuwa waya wa kompyuta hiyo yenyewe. Majibu yakikatika, umeushika waya wenyewe.

Angalia na mtego huu: rauta zote mbili zinaweza kuwa na 192.168.1.1, maana nyingi hutoka kiwandani hivyo. Hapo ipconfig itakuonyesha namba zile zile kote. Andika arp -a kwenye kompyuta zote mbili, utazame MAC (namba ya kifaa chenyewe) iliyo mbele ya 192.168.1.1. Zikiwa tofauti, ni rauta mbili zinazogombea jina moja.

Ukikuta anwani inaanza na 169.254, hakuna aliyejibu kabisa. Kagua waya na tundu la swichi, au anwani zimeisha. Rauta iliyopangiwa kugawa anwani 100 kwa saa 24 inaweza kumalizwa na simu za wageni kabla ya jioni. Na kama gateway ya rauta yenu kubwa inajibu ping lakini 8.8.8.8 (anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti) haijibu, ipigie simu kampuni ya intaneti, ndani ya ofisi usiguse kitu. 8.8.8.8 ikijibu ila tovuti hazifunguki kwa majina, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Kama kweli mnahitaji rauta ya pili ili Wi-Fi ifike mbali, ichomeke kwanza kwenye kompyuta moja pembeni, zima DHCP yake, ipe anwani isiyotumika iliyo nje ya zile zinazogawiwa, ndipo uiunge na swichi kwa tundu la LAN. Hapo inasambaza Wi-Fi tu, haigawi chochote.

Uliuliza pia ununue rauta ya kampuni gani na kama waya zote zibadilishwe ziwe Cat6, aina ya waya za mtandao. Mkuu, hela hiyo ishikilie kwanza. Nenda kwenye kompyuta inayogoma na ile isiyogoma, piga picha skrini zote mbili uzitume. Na huyo fundi akija na pini, muulize kwanza neno la siri la PPPoE limeandikwa wapi.