Familia ya mtoto mwenye saratani haipimwi kwa macho

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Siku hizi tunapokea watoto waliogundulika saratani Dar es Salaam wakarudishwa huku kuendelea na dozi. Tumeletewa dodoso la PAT, limetafsiriwa, la kupima hali ya kisaikolojia na kijamii ya familia. Zamu moja tuko wauguzi wawili, wagonjwa ni wengi. Je, tunaweza kuwajazia wale tu wanaoonekana kuwa na shida? Na familia ikipata alama za juu sana, tumshauri daktari asianze tiba kwanza?

JIBU: Naanza na la pili, maana likikaa bila jibu kuna mtoto atakosa dawa kesho. Hapana. Dodoso hili linapanga foleni ya msaada: nani aonwe na ofisa ustawi wa jamii leo, nani wiki ijayo, nani anaweza kungoja. Daktari akikuta alama za juu, anamwita ofisa huyo, na dripu inaendelea kushuka. Nimewahi kukuta faili limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu "familia ngumu". Aliyeandika alikuwa amejaza dodoso vizuri kabisa, akaligeuza hukumu.

Sasa hili la kuwajazia wanaoonekana wana shida. Nalisikia kila mkoa ninaokwenda: "Sisi tunawajua, mama ukimtazama tu unamjua." Humjui. Mama anayelia koridoni mchana kutwa mara nyingi ndiye atakayebaki hadi dozi ya mwisho, kwa sababu analia mbele ya watu na watu wanamshika mkono. Aliyenipotea mimi alikuwa baba mwenye shati lililopigwa pasi, aliyelipa malipo ya awali taslimu bila kubishana. Nilimwamkia, tukaongea mpira kidogo, nikapita kitanda cha pili. Sikumuuliza fedha ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa ng'ombe wawili wa kulimia, na msimu ulikuwa umekaribia. Wiki ya tano kitanda kikawa kitupu. Mtoto alirudi baada ya miezi minne, na ugonjwa ulikuwa umerudi kabla yake. Kosa lile lilikuwa langu, wala sikulifanya kwa kukosa muda.

Kwa hiyo kila familia iulizwe, ya mwalimu, ya mfanyabiashara, hata ya muuguzi mwenzako. PAT huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Anayejua kusoma ajaze mwenyewe, asiyejua asomewe pembeni, mbali na mama mkwe.

Ila msiiamini namba kupita kiasi. Anne Kazak na wenzake waliliandaa dodoso hili Philadelphia, Marekani. Lina maeneo saba, tangu kipato na muundo wa familia hadi ndugu wa mgonjwa, msongo wa mzazi na imani za familia, na jumla haivuki 7. Chini ya 1, huduma za kawaida zinatosha. 1 hadi chini ya 2, msaada uelekezwe kwenye tatizo lililoonekana. Kuanzia 2, aitwe mtaalamu. Mipaka hiyo ilipatikana kwa familia za kule. Kwetu, ukishauliza usafiri na kipato tu, wodi nzima ina alama. Itumieni namba kupanga nani atangulie, kisha someni majibu yenyewe, maana ndiko kwenye habari.

Na majibu yanategemea ulivyouliza. Ukimwuliza mzazi wa Kitanzania, "Mna shida ya fedha?" atakuambia "tunamshukuru Mungu", na kwenye karatasi utaweka sifuri. Muulize nauli ya kuja safari hii imetoka wapi. Muulize wadogo zake mgonjwa wamelala kwa nani usiku huu. Muulize ni nani huko nyumbani mwenye neno la mwisho juu ya mtoto huyu, kwa sababu aliyekaa kando ya kitanda mara nyingi siye. Ni baba mkubwa, au bibi, ambaye hajawahi kuelezwa chochote na daktari. Halafu kuna swali moja ambalo dodoso halina, nami huliongeza daima: siku mtoto akionekana mzima, nani atasema inatosha?

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Uvimbe wa taya wa Burkitt, aina ya saratani ya watoto, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958, huweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza. Mtoto aliyeingia na shavu kama papai anacheza mpira wa makaratasi, na ukoo unauliza kwa nini bado mnachoma fedha mjini. Kwa saratani ya damu inayowapata watoto zaidi ni vigumu zaidi, kwa sababu tiba ni ya miaka miwili hadi mitatu na mtoto huonekana mzima sehemu kubwa ya muda huo. Akikosa tiba wiki nne mfululizo bila sababu ya kitabibu, kitaalamu anahesabiwa ameiacha. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Pengo hilo lina dawa na maabara ndani yake, lakini lina pia vitanda vilivyobaki vitupu.

Na wenye kuvizia vitanda hivyo wapo. Mwaka 2011 watu walitoka hospitalini na kwenda Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kupanga foleni ya kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao. Mimi na waganga hatupatani, lakini nakubali kwamba mganga humhoji mgonjwa vizuri kuliko sisi: umekuja na nani, mmegombana na nani, nani anakulisha. Anaipima familia nzima kabla hajagusa mkoba, kisha anaitumia ile habari kuwatoza mbuzi. Wa mjini nao wana mbinu zao. Kuna "wanasihi" wa semina ya siku mbili, cheti kimefungwa plastiki, wanaouza fomu za tathmini kwenye magrupu ya WhatsApp, zimetafsiriwa na kompyuta, hazijajaribiwa kwa mzazi hata mmoja. Nimeiona moja inamwuliza mama kama "amesisitizwa" wiki hii, ikimaanisha kama ana msongo. Mama akajibu ndiyo, amesisitizwa alete maziwa. Tafsiri yenu mliyoletewa, kabla ya kuanza, wasomeeni kina mama watano na kila mmoja awaambie kwa maneno yake anachoulizwa.

Mkishaanza, msijaze siku ile ile familia inapopewa habari. Siku hiyo hakuna anayesikia. Ngojeni siku chache. Kisha mrudie karibu na wiki ya nne, mtoto akiwa anakimbia koridoni na mama ameanza kufunga mizigo kidogokidogo. Vuta kiti, umuulize upya habari ya nauli.